Hofu Nayo Inahitaji Kliniki: Mafunzo Niliyopata kwenye Saratani ya Thairoidi

Nilizaliwa Njombe, kwenye nyanda ambako madini joto ni haba udongoni, na nimekua nikiona wanawake wenye rovu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa nalo. Alilifunika kwa kanga maisha yake yote na akafa uzeeni kwa ugonjwa mwingine. Kwa hiyo uvimbe ulipoota shingoni kwangu, upande wa kulia, hakuna aliyeshtuka. Walisema ni wa ukoo. Kinyama kilichochukuliwa kwa sindano kilileta majibu tofauti: saratani ya tezi ya thairoidi.

Tezi hii ni ndogo, iko mbele ya shingo chini kidogo ya koromeo, na homoni zake ndizo zinazoamua mwili uende kwa kasi gani: mapigo ya moyo, joto, usingizi, hata furaha na huzuni. Saratani yake huwapata wanawake karibu mara tatu ya wanaume. Mimi ni mwalimu wa sekondari Dar es Salaam, nina mume na binti mmoja. Nimeshatolewa tezi yote, nimekunywa dawa ya mionzi, na majibu yangu ni mazuri. Ila kuna jambo ambalo halikuandikwa kwenye faili langu hata mara moja, nalo lilinisumbua kuliko kidonda. Ni hofu. Mwili ulipona kwa ratiba ya madaktari, hofu ikawa na ratiba yake. Haya ndiyo niliyojifunza kuhusu kuitibu.

1. Dai jina lote la ugonjwa

Neno kansa likiingia nyumbani peke yake, linaingia na jeneza. Mume wangu aliposikia alikwenda kukaa ndani ya gari, hakuwasha injini, akakaa huko mpaka giza likaingia. Mama alianza kuuliza mtoto atalelewa na nani. Nilipopewa rufaa ya Ocean Road ndiyo ikawa basi kabisa. Dar es Salaam ukisema unakwenda Ocean Road, watu wanashusha sauti. Ni taasisi ya saratani ya taifa, kwenye majengo ya zama za Wajerumani kando ya bahari, na wapo wengi waliotibiwa pale wakarudi makazini kwao. Lakini habari za waliopona hazisafiri.

Daktari bingwa aliyenipokea alianza kwa kunisomea karatasi neno kwa neno. Saratani ya thairoidi si moja. Papilari ndiyo inayoonekana zaidi, karibu 8 kati ya kila 10, na kwa kawaida huenda polepole. Folikula inafuata, na sehemu zenye upungufu wa madini joto huwa nayo zaidi. Medulari ni ya namna nyingine, wakati mwingine hurithiwa, na ndiyo sababu ndugu wa mgonjwa huitwa kupimwa. Anaplastiki ni adimu na ni kali mno. Uvimbe wake huonekana ukikua wiki hadi wiki. Mwenye papilari na mwenye anaplastiki wote watarudi nyumbani waseme "nina kansa ya thairoidi", lakini hawaumwi ugonjwa mmoja.

Yangu ilikuwa papilari, na ilikuwa imeshafika kwenye matezi ya shingo. Nilikuwa nimesoma kwamba saratani ikifika kwenye matezi, hatua imeshapanda. Daktari yule akaandika hatua ya kwanza. Nilidhani ananificha, nikamwambia hivyo hivyo. Akaweka kalamu chini, akanieleza kwamba kwa papilari na folikula, utaratibu wa kimataifa wa kupanga hatua unaotumika tangu 2018 unatazama umri. Kwa aliye chini ya miaka 55 zipo hatua mbili tu, na ya pili ni pale ugonjwa ulipofika mbali, kama kwenye mapafu au mifupa. Kwa mwenye umri wangu, matezi ya shingo peke yake hayapandishi hatua.

Usiku ule nililala. Watu wengi walikuwa wameshaniambia nisiwe na wasiwasi, na hakuna hata mmoja aliyeniletea usingizi. Aliyeuleta ni yule aliyenionyesha kanuni na mahali nilipo kwenye kanuni hiyo.

2. Takwimu nzuri hazifuti hofu

"Hii ndiyo kansa nzuri." Nimeambiwa hivyo na wauguzi, na walimu wenzangu, na ndugu. Msingi wake upo. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba kwa papilari ambayo haijatoka nje ya tezi, wanaovuka miaka 5 tangu kugunduliwa ni zaidi ya 99 kati ya 100, na hata ikiwa imefika kwenye matezi ya shingo idadi ni karibu hiyo hiyo. Mwigizaji Sofía Vergara aligunduliwa na saratani ya thairoidi mwaka 2000 akiwa na miaka 28, akatibiwa, na umaarufu wake mkubwa ulikuja baadaye. Namba hizo nimezishika kwa mikono miwili. Najua pia zimetoka kwenye nchi ambako uvimbe hugunduliwa mapema na dawa hazikatiki, na ndiyo maana nawasihi wanawake wa nyanda za juu wasiuache uvimbe wa shingo miaka na miaka kwa kuwa bibi alikuwa nao.

Taabu ya maneno yale ya "kansa nzuri" ni kwamba yalikuwa yakifunga mazungumzo. Nikisema naogopa kisu, naambiwa nimshukuru Mungu, wenzangu wana mabaya zaidi. Nilishukuru, na hofu ikabaki palepale. Nikawa nalia bafuni, nimefungulia bomba ili binti yangu asisikie.

Kilichonisaidia ni kusema yote mawili kwa pumzi moja: nashukuru majibu ni mazuri, na leo naogopa. Wa kwanza kumwambia hivyo alikuwa dada yangu, kwa simu. Hakunihubiria. Alisema, "Haya mdogo wangu, niambie unaogopa nini hasa." Swali hilo lilinilazimisha kuhesabu. Nilikuwa naogopa kupoteza sauti. Nilikuwa naogopa kutozinduka kwenye nusu kaputi. Nilikuwa naogopa binti yangu kulelewa na mtu asiyejua kwamba hawezi kulala bila taa. Yakitajwa moja moja, mambo hayo yana majibu. La nusu kaputi nililipeleka kwa daktari wa usingizi, akanieleza atakavyokaa nami muda wote. La mtoto tulilimaliza na dada siku ileile, mpaka la taa. La sauti nitalieleza.

3. Kwenye benchi hatupimani

Kuna hatia ya kuwa na nafuu, na sikuwahi kusikia mtu akiitaja.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi Tanzania, na wengi hufika hospitali imeshasonga. Kwenye benchi la kusubiri nilikuwa nakaa na wanawake waliotoka Kigoma, Singida, Mtwara, wanaolala kwa ndugu wa mbali wiki kadhaa wakifuata mionzi. Mimi nimetoka kwangu kwa daladala. Kulia mbele yao kwa ugonjwa wenye takwimu zangu niliona ni utovu wa adabu, nikawa nakaa pembeni, nimejifunga mtandio, sizungumzi.

Mama mmoja wa makamo aliniuliza naumwa wapi. Nikagusa shingo, nikaharakisha kuongeza kwamba yangu ni nafuu. Akanitazama kidogo, akasogeza mfuko wake ili nikae vizuri. "Kaa mwanangu. Hapa hatupimani." Kisha akafungua chupa ya chai aliyokuwa amewekea uji wa ulezi, akanimiminia kwenye kifuniko, akangoja ninywe nimalize ndipo naye akajimiminia.

Tangu siku hiyo hatia ile nimeipa kazi. Nikiwa kliniki, anayetaka kusomewa karatasi yake namsomea. Anayeogopa kumuuliza daktari namwandikia swali kwenye kijikaratasi aingie nalo. Nikitoka pale sijisikii tena kama mtu aliyepata nafasi ya mwingine.

4. Maswali ya usiku yaandikwe, yajibiwe mchana

Saa nane za usiku nilikuwa na simu mkononi. Huko ndiko nilikosoma habari ya Korea Kusini: watu wengi walipoanza kupimwa shingo kwa ultrasaundi bila kuwa na dalili, wanaogundulika na saratani ya thairoidi waliongezeka mara 15 kati ya 1993 na 2011, lakini vifo havikubadilika. Yaani wengi walikatwa kwa vivimbe ambavyo visingewadhuru. Nikasoma pia kwamba huko Kobe, Japani, Hospitali ya Kuma tangu 1993 imekuwa ikiwafuatilia tu baadhi ya wenye papilari isiyozidi sentimita 1, bila kuwapasua. Na kwamba mwaka 2016 wataalamu wa patholojia wa nchi mbalimbali walikubaliana kuondoa jina la saratani kwenye aina moja ya uvimbe wa thairoidi, kwa kuwa haina tabia ya kusambaa.

Habari zote hizo ni za kweli, na usiku ule zilinipandisha hasira. Kama kuna wanaoachwa wakafuatiliwa tu, mimi nakatwa kwa nini? Niliandika swali kwenye daftari, nikazima simu. Asubuhi yake daktari alichora shingo, akaonyesha ukubwa wa uvimbe wangu na matezi uliyoyafikia, akasema wa Kobe ni wale ambao hawana hata kimoja kati ya hivyo viwili. Hasira ikaisha hapohapo. Habari ya kweli inayomhusu mtu mwingine inaweza kukutesa sawasawa na uongo.

5. Ndugu mwenye hofu mpe kazi

Baba mkubwa alipiga simu kutoka Njombe. Nilimwamkia, akaitika, akaenda moja kwa moja: "Mwanangu, usikubali kukatwa. Kansa ikiguswa na kisu inasambaa." Wifi yangu alikuja na mfuko wa majani ya mstafeli. Jirani alitaka nipelekwe kwa mtu wake Bagamoyo. Kubishana na kila mmoja kungenimaliza kabla ya upasuaji.

Nilimwambia mzee, "Baba, nimekusikia na nimeona unavyonijali. Daktari amenieleza na nimekubali. Naomba unisimamie kwa maombi, naingia saa mbili asubuhi." Sauti yake ikabadilika. Alikusanya watu wa jumuiya yake, na saa mbili walikuwa wamesimama kanisani. Wifi nilimshukuru, majani nikampelekea daktari kumuuliza, akasema nisinywe chochote cha pembeni. Kisha nikamwomba wifi achukue zamu ya kupika. Alipika vizuri sana. Dada yangu akawa ndiye msemaji: majibu yanakwenda kwake, anayetaka habari anampigia yeye.

Wote walikuwa wakiogopa kama mimi, nao hawakuwa na daktari wa kumuuliza. Mume wangu hasa. Watu walimwuliza mke anaendeleaje, hakuna aliyemwuliza yeye. Nilipokuja kulijua hilo nilimwomba aingie nami kwa daktari na aulize maswali yake mwenyewe, na akayauliza, moja baada ya jingine, wakati mimi nimekaa kimya.

6. Ulichopoteza una haki ya kukililia, hata kikiwa kidogo

Neva zinazoendesha nyuzi za sauti zinapita nyuma ya tezi, karibu sana na kisu. Mimi sauti ndiyo jembe langu. Nilimuuliza daktari mpasuaji amefanya upasuaji huu mara nyingi kiasi gani na anazilinda vipi neva hizo. Hakukasirika. Alisema wengi hukwaruza sauti kwa muda, wachache hubaki nayo hivyo, na akaandika kwenye faili kwamba mimi ni mwalimu.

Usiku wa kwanza baada ya upasuaji midomo ilianza kuwasha, kisha ncha za vidole zikafa ganzi. Kama nisingekuwa nimeambiwa mapema, ningejua nakufa. Lakini muuguzi wa zamu ya jioni alikuwa ameshanieleza: nyuma ya thairoidi kuna tezi nyingine nne ndogo sana zinazosimamia kalsiamu, zikishtuliwa na upasuaji kalsiamu hushuka, na dalili yake ndiyo hiyo. Nikamwita, nikapimwa, nikapewa kalsiamu. Mioyo mingapi ingetulia wodini kama kila muuguzi angetumia dakika zile mbili.

Nilirudi darasani na sauti ya mnong'ono. Monita wa kidato cha tatu aliita majina, mimi nimesimama pembeni yake na kalamu. Wanafunzi walikuwa watulivu mno, na utulivu ule uliniuma, kwa sababu nilijua wananihurumia. Miezi ilivyopita sauti ya kufundishia ilirudi. Noti za juu za kwaya hazijarudi. Nilikuwa sauti ya kwanza tangu usichana wangu, sasa naimba sauti ya pili, na Jumapili ya kwanza niliyobadilisha mstari nililia katikati ya ibada. Mwenzangu wa sauti ya pili alinisogezea kitabu cha nyimbo, akaendelea kuimba karibu na sikio langu mpaka nikaushika wimbo.

Kovu halikunisumbua. Watu huuliza, nawajibu.

7. Huzuni nyingine ina dozi

Hili ndilo ningependa kila mgonjwa aambiwe mapema.

Tezi ikishatolewa unameza levothairoksini kila siku maisha yako yote. Lakini kabla ya dawa ya mionzi, wengi husimamishiwa vidonge kwa wiki kadhaa, ili chembe za tezi zilizobaki ziwe na njaa ya madini joto na ziyavute pamoja na mionzi yake. Wiki hizo mwili unaendeshwa bila homoni. Januari, Dar es Salaam, watu wanajipepea kwa madaftari, mimi nimevaa sweta. Kusahihisha insha moja kulinichukua jioni nzima, maana nikifika mwisho wa ukurasa nilikuwa nimesahau mwanzo. Nilikaa kitandani nikiwa na hakika, hakika kabisa, kwamba mambo yangu yameisha na kwamba nyumba ingekuwa bora bila mimi.

Wazo hilo la mwisho nilimwambia mume wangu, naye akampigia daktari usiku uleule. Daktari alisema maneno ambayo nimeyahifadhi: huo ni upungufu wa homoni unaozungumza, na una tarehe ya mwisho. Aliniagiza nisikae peke yangu, nisiamue jambo lolote kubwa, nisubiri. Vidonge viliporudi, wingu lile lilipungua taratibu, bila mimi kushindana nalo.

Baadaye nilikutana na upande wa pili. Dozi ilipokuwa juu, moyo ulienda mbio, mikono ikatetemeka, nikamfokea mtoto kwa kijiko kilichoanguka. Nilifikiri ni wasiwasi wa kansa kurudi. Kipimo cha damu kikaonyesha dawa imezidi, ikapunguzwa. Sasa hali yangu ya moyoni ikibadilika bila sababu, napima kwanza kabla ya kujilaumu. Na kidonge nakimeza alfajiri tumbo likiwa tupu, kwa maji, chai ya maziwa inasubiri karibu saa nzima, kalsiamu inasubiri saa nne. Ukikichanganya ovyo na vyakula, homoni inayumba, na moyo unayumba nayo.

8. Kujitenga kunahitaji maandalizi ya mtoto pia

Kabla ya mionzi nilikula chakula chenye madini joto kidogo sana. Chumvi yetu ya dukani huwekewa madini hayo makusudi, kwa faida ya watoto wa huko kwetu, hivyo niliiacha, pamoja na samaki wa baharini, maziwa na mayai. Ugali na maharage yasiyo na chumvi yalinifundisha subira.

Kisha ikaja dawa yenyewe: kidonge kimoja, chumba cha peke yangu, maji mengi. Iodini 131, yaani madini joto yenye mionzi yaliyomo kwenye kidonge hicho, hupungua nusu kila siku 8, na sehemu kubwa hutoka kwa mkojo, ndiyo maana ukiruhusiwa kwenda nyumbani bado unalala peke yako, unatumia choo kwa uangalifu, na unakaa mbali na watoto na wajawazito kwa muda utakaopangiwa. Mtu anaweza kujiona najisi nyumbani kwake. Niliogopa binti yangu naye angeniona hivyo.

Kabla sijaondoka nilimpa chaki, tukapima pamoja kwa rula ya darasani, akachora mstari mwenyewe kwenye sakafu ya korido. Nikamwambia dawa ya mama inatoa miale, hapa haifiki. Kila jioni alileta kigoda chake mpaka kwenye mstari, akanisomea kitabu kwa sauti kubwa, nami nikamsahihisha matamshi kutoka chumbani. Mstari ulikuwa wake, na alimkemea baba yake alipoukanyaga.

9. Siku za kliniki zina hali ya hewa yake

Ugonjwa huu hufuatiliwa miaka mingi. Napimwa ultrasaundi ya shingo na thairoglobulini, protini ambayo hutengenezwa na chembe za thairoidi peke yake. Mtu asiye na tezi akiwa nayo na inazidi kupanda, daktari huanza kutafuta inatoka wapi. Uwezekano wa ugonjwa kurudi upo. Ukirudi, mara nyingi ni kwenye matezi ya shingo, na mara nyingi hutibika.

Wiki ya kipimo ikikaribia najikuta nikijipapasa shingo ubaoni, mbele ya wanafunzi. Nimeacha kujikaza. Nawaambia watu wa nyumbani kwamba ni wiki ya kliniki, sipangi mitihani wiki hiyo, nakwenda na dada, naye ndiye anayefungua bahasha. Majibu yakiwa mazuri tunapita Feri kununua samaki. Na siku kipimo kilipoyumba kidogo, daktari akataka kirudiwe, tulipita Feri vilevile.

Namba yangu ya simu imezunguka kwa wagonjwa wenzangu, na siku hizi napigiwa na watu waliotoka kupewa majibu, wengine wakiwa bado kwenye geti la hospitali. Nawauliza wako na nani na kama wamekula. Halafu naomba wanisomee karatasi, herufi kwa herufi kama neno ni gumu, mpaka tuone ni aina gani. Ikiwa haikuandikwa, nawaambia warudi ndani sasa hivi wakaulize, nami nabaki kwenye simu.